Jinsi ya kuanzisha besiboli ya watoto Tanga, pamoja na saa ya masomo na kazi za mtaa

Maswali ni yale yale kila mara. Glavu zinapatikana wapi? Uwanja wa mpira wa miguu unafaa? Mtoto wa miaka tisa aanze na mpira upi? Na mzazi akisema mwanawe ataacha vitabu kwenda kupiga mpira kwa gongo, ajibiwe nini?

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kijana wa Tanga mjini anayetaka kuanza na watoto 24 wa miaka 9 hadi 12, wa kike na wa kiume. Ukiwa Muheza au Pangani, zitabadilika ofisi za kupitia, kazi ni ile ile.

Wengi huanza na glavu, na hapo ndipo wanapokosea. Glavu hupatikana, tena mara nyingi kwa msaada. Kinachokosekana ni watu wazima wanne wanaofika siku zile zile kila wiki, chumba chenye madawati, na ratiba isiyogombana na madrasa. Hata huko mchezo ulikotoka mambo yalipangwa hivyo: John Young alipoanzisha RBI, programu ya kurudisha besiboli kwa watoto wa mijini, kusini mwa Los Angeles mwaka 1989, mahudhurio na maendeleo ya shule yaliingizwa katika malengo pamoja na mchezo wenyewe. Na usidhani ni mambo ya Wamarekani tu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze kuandikisha watoto mpaka uwe na hivi:

- Watu wazima 4, wawili kati yao wawe wanawake kama inawezekana. Mmoja awe mwalimu wa shule iliyo karibu.
- Chumba cha darasa kwa siku mbili za wiki, saa moja kila siku.
- Kiwanja. Kwa kuanzia, mraba wa mita 21 kwa 21 unatosha.
- Fomu ya ridhaa ya mzazi: jina la mtoto, shule, darasa, maradhi aliyonayo (pumu, kifafa, selimundu), na namba mbili za simu.
- Daftari la mahudhurio, na jalada moja kwa kila mtoto.
- Dumu la maji safi la lita 20 kwa kila siku ya mazoezi, na vikombe.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza: bandeji, pamba, dawa ya kusafishia vidonda, glavu za mpira.

Vifaa vya mchezo kwa watoto 24:

- Mipira ya raba laini ya Baseball5 (besiboli isiyo na gongo wala glavu, tazama hatua ya 5), 4 au 5.
- Mipira ya tenisi 24. Iliyochakaa ndiyo nzuri, haidundi sana.
- Glavu 14. Hazihitajiki 24, kwa sababu timu inayopiga huwaachia glavu wanaozuia. Mbili kati yake ziwe za wanaorusha kwa mkono wa kushoto, yaani zinazovaliwa mkono wa kulia. Hili husahaulika kila mara, na mtoto wa shoto huishia kudaka na kurusha kwa mkono mmoja.
- Magongo 3, ya urefu wa inchi 26 hadi 30.
- Helmeti 4.
- Seti moja ya mdakaji, yaani anayedaka nyuma ya mpigaji: kinyago, kinga ya kifua, kinga za miguu, na kwa wavulana kinga ya sehemu za siri.
- Mipira migumu 6. Ifungie kabatini. Itatoka baada ya miezi kadhaa.

## Hatua kwa hatua

1. Pata ruhusa kwa mpangilio.

Anza na mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata, kisha mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kilipo kiwanja. Ofisi ya michezo ya Jiji ijulishwe kwa barua. Ukitaka kuwa klabu yenye katiba na akaunti ya benki, usajili unapitia Baraza la Michezo la Taifa, na afisa michezo ndiye atakayekuelekeza. Wasiliana pia na chama cha besiboli na softiboli cha taifa, TaBSA. Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli pale Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani, na huko ndiko wanakopatikana makocha na waamuzi waliofundishwa.

Weka kanuni ya ulinzi wa mtoto kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza: mtu mzima habaki peke yake na mtoto mmoja chumbani au kwenye gari, hakuna viboko, hakuna picha za watoto mitandaoni bila ridhaa ya mzazi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ibandikwe ukutani, na wote mjue lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la kituo chenu cha polisi.

2. Panga ratiba kabla ya kitu kingine chochote.

Tanga hakuna ratiba ya watoto inayosimama bila kumuuliza ustadhi. Nenda madrasa za mtaa huo uliza siku na saa zao, kisha chagua siku mbili zilizobaki. Ijumaa iache. Mfano unaofanya kazi kwa shule zinazotoka kabla ya saa tisa:

- Saa 9:00 hadi 9:45: uji au mihogo kwa dakika chache za mwanzo, kisha darasani.
- Kisha sala ya alasiri na maji, mpaka saa 10:10. Saa ya adhana husogea na msimu, kwa hiyo acha nafasi.
- Saa 10:15 hadi 11:30: uwanjani.
- Saa 11:30 hadi 11:40: kuhesabu vifaa na kuagana, watoto wafike kwao kabla ya magharibi.

Siku ya tatu ni Jumamosi asubuhi, saa 1:00 hadi 3:00, kabla jua halijawa kali. Hiyo ni ya mechi au kazi ya mtaa.

Chakula si pambo. Mtoto aliyekunywa chai asubuhi na hajala tena, saa tisa hasomi wala hakimbii. Anasinzia, na wewe utamwita mvivu. Kikombe cha uji au kipande cha muhogo kinabadilisha mchana mzima.

Ramadhani ina ratiba yake: masomo na kuandika alama vinaendelea, mbio zinasimama. Miezi ya mitihani ya taifa nayo ipungue. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba. Wenye mtihani wabakie na saa ya masomo, waje uwanjani Jumamosi tu.

3. Endesha saa ya masomo kama kazi kamili.

Hapa ndipo programu nyingi zinapochuja. Wanaandika "masomo" kwenye bango, kisha watoto wanakaa chini ya mwembe na madaftari magotini huku kocha akipuliza mpira. Fanya hivi:

Gawa watoto 24 katika makundi manne ya sita sita, kwa darasa wanalosoma. Kila kundi na msaidizi mmoja. Aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na anasubiri matokeo au chuo anafaa sana. Dakika 10 za kwanza, msaidizi anapitia madaftari ya shule na kuandika kwenye jalada kazi gani ya nyumbani imetolewa. Dakika 20 zinazofuata ni kazi hiyo. Kama hakuna, mtoto anasoma kwa sauti ukurasa mmoja na kueleza alichosoma. Zinazobaki ni hesabu za mchezo.

Hesabu hizo zisiwe za kubuni. Tumia daftari la alama la Jumamosi. Mtoto aliyepiga mara 9 na kufika besi (kituo cha kukimbilia) kwa kipigo chake mara 4 ana wastani wa 4 gawanya kwa 9, yaani 0.444. Mwenzake ana 3 kwa 10, 0.300. Nani bora? Yule wa kwanza akipiga mara nyingine 5 bila kufanikiwa, wastani unashuka mpaka ngapi? Desimali na sehemu, ambazo darasa la tano huzikimbia, hapa zinagombaniwa, kwa sababu ni za jina lake. Wakubwa waliobaki nanyi mpaka kidato cha pili wape mraba wa besi: upande mita 18.29, ulalo ni ngapi? Wakipata karibu na 25.87, watoke wakaupime kwa futi kamba.

Sasa onyo kubwa. Usiweke kanuni ya "asiyefaulu hachezi". Inasikika kama nidhamu, lakini matokeo yake ni kumfukuza mtoto yule yule uliyemkusudia, na akitoka kwenye besiboli harudi kwenye vitabu. Pima mambo anayoyamudu mwenyewe: alihudhuria shule leo? Amekuja na madaftari? Amekaa saa ya masomo yote? Asiyekwenda shule bila sababu, siku hiyo anaingia darasani lakini uwanjani anaandika alama tu, hachezi. Kanuni hiyo mtoto anaielewa, na mzazi pia. Alama za mitihani zifuatilie kwenye jalada kila muhula, umwone mwalimu wake pale zinaposhuka, lakini zisiwe tiketi ya kuingilia.

4. Chora uwanja.

Uwanja wa besiboli ya umri huu una mita 18.29 kati ya besi na besi, na mrushaji husimama mita 14.02 kutoka "nyumbani", yaani mahali anaposimama mpigaji. Huhitaji mtaalamu wa vipimo; unahitaji watu watatu, futi kamba ya mita 30, vigingi na kamba.

Piga kigingi cha nyumbani. Kutoka hapo nyoosha mita 25.87 kuelekea katikati ya uwanja. Hapo ni besi ya pili. Mmoja ashike kamba ya mita 18.29 kutoka nyumbani, mwingine ya urefu huo huo kutoka besi ya pili. Zinapokutana upande wa kulia ni besi ya kwanza, kushoto ni ya tatu. Mrushaji yuko kwenye ule mstari wa katikati, mita 14.02 kutoka ncha ya nyuma ya nyumbani.

Angalizo la hapa kwetu: kamba ya katani hufupika ikiloa. Ukiipima na kufunga mafundo siku ya jua, kisha ukaitumia baada ya mvua, besi zitasogeleana. Ipime upya kwa futi kamba kila mwanzo wa mwezi.

Elekeza uwanja ili mpigaji, akimtazama mrushaji, awe anatazama mashariki au kaskazini-mashariki. Jua la saa kumi na moja litakuwa mgongoni kwake. Wanaozuia watapata jua usoni, lakini wao wana nafasi ya kukinga kwa glavu, mpigaji hana.

Kwenye uwanja wa mpira wa miguu weka nyumbani pembeni, kwenye kona, ili mistari miwili ifuate mistari iliyopo. Kuhusu nani anacheza lini, elewaneni kwanza na timu za mtaa kupitia mwenyekiti. Huu ni mji wa Coastal Union na African Sports. Kugombania kiwanja na watu wa soka hutashinda.

Besi zikate kutoka raba ya tairi kuukuu au kipande cha zulia nene, mraba wa sentimita 36 hadi 38. Usitumie kigunia kilichojazwa mchanga: mtoto akikikanyaga kwa kasi kinaviringika, na kifundo cha mguu kinakwenda. Nyumbani pakae sawa na ardhi: upande wa mbele sentimita 43.2, pande mbili za pembeni 21.6 kila mmoja, kisha pande mbili za 30.5 zinazokutana kwenye ncha. Ukichora mistari kwa chokaa, watoto wasiishike kwa mikono wala kuimwaga wakati wa upepo, inaunguza macho.

Okota mawe. Viwanja vingi karibu na bahari vina vipande vya matumbawe vinavyokata kama wembe, na kwa sababu hiyo hiyo marufuku kuserereka kwenda besi.

5. Wiki sita za kwanza, chezeni Baseball5.

Huu ni mchezo wa shirikisho la dunia la besiboli na softiboli, WBSC, unaohitaji mpira wa raba tu. Hakuna glavu, hakuna gongo. Mpigaji anaurusha mpira mwenyewe na kuupiga kwa kiganja au ngumi. Uwanja ni mita 21 kwa 21, besi ziko mita 13, timu ni watu watano, na kila mechi ina awamu tano (katika awamu kila timu hupata zamu moja ya kupiga). Mpira ukipita juu ya uzio bila kudunda ndani ya uwanja, mpigaji ni auti, yaani ametolewa, kwa hiyo nguvu peke yake haisaidii. Katika mashindano ya kimataifa timu ni mchanganyiko, angalau wawili wa kila jinsia wawe uwanjani. Fuata hivyo tangu siku ya kwanza. Mchezo huu umo katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026.

Faida yake kwako: watoto wanajifunza jambo gumu kuliko yote, yaani lini kukimbia na mpira upelekwe wapi, bila hofu ya kuumia. Fundisha mambo manne tu kwa mpangilio huu: kimbia kupita besi ya kwanza bila kupunguza mwendo (wanaotoka kwenye soka husimama ghafla, wanapata auti kwa hatua moja); mpira wa hewani ukidakwa, rudi ulikotoka; mpira upelekwe mbele ya mkimbiaji, si nyuma yake; auti tatu, badilishaneni.

Wasichana waliokulia kwenye rede watakuwa mbele hapa. Wanarusha kwa shabaha na wanajua kukwepa. Wape unahodha mapema, kabla wavulana hawajazoea kujipanga mbele.

6. Ingiza glavu, kisha gongo.

Kurusha kwanza. Panga mistari miwili inayotazamana, mita 8, jozi zote zikirusha kwa upande mmoja kwa pamoja. Mpira usirushwe kukatiza mstari. Wakiweza mara kumi mfululizo bila kudondosha, ongeza mpaka mita 12, halafu 15. Mkono unaorusha upite juu ya bega, mguu wa mbele uelekee kwa mlengwa. Wakati wa kudaka, mpira wa juu ya kiuno vidole vitazame juu, wa chini ya kiuno vitazame chini. Anza na mpira wa tenisi ndani ya glavu, kwa mwezi mzima kama itabidi. Mtoto aliyepigwa mpira mgumu usoni wiki ya kwanza ataufumbia macho kwa mwaka mzima.

Kwa kupiga, tengeneza kisimamisho cha mpira. Chukua bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu wa sentimita 65, lisimike katikati ya ndoo ndogo ya saruji. Kwa fundi baiskeli omba kipande cha tyubu kuukuu, sentimita 15. Kivalishe juu ya bomba ili sentimita 10 zibaki zimesimama juu ya plastiki, na mpira wa tenisi ukae hapo. Gongo likishuka chini kidogo linagonga raba, si bomba. Tyubu ikilegea mpira unaanguka wenyewe. Ikunje mara mbili. Tanga ina baiskeli za kutosha, hutakosa tyubu.

Fundi seremala anaweza kukuchongea gongo la msaji: urefu sentimita 70, mpini unene wa 2.5, tumbo lisizidi 5.7, nyuzi za mbao zikienda sambamba na urefu bila fundo popote. Hilo ni la mipira ya tenisi tu. Kwa mpira mgumu litapasuka, na kipande kinaruka.

Kanuni za gongo hazina mjadala:

- Gongo moja tu liwe nje kwa wakati mmoja, mengine yawe kwenye mfuko.
- Mita 5 kuzunguka anayepiga hakuna mtu.
- Helmeti kwa mpigaji na kila mkimbiaji.
- Ukimaliza kupiga, weka gongo chini. Anayelitupa ni auti, hata kama kipigo kilikuwa kizuri. Hili litaleta kelele wiki mbili, kisha litaisha.

7. Mechi za Jumamosi, na kuhesabu mirusho.

Mwanzoni kocha ndiye arushe, kwa chini ya bega. Kila mpigaji apate majaribio matano, na awamu iishe kwa auti tatu au watoto wote wakishapiga. Ukiwaacha watoto warushe mapema, nusu saa itakwisha kwa mipira inayokwenda pembeni huku wengine wakichimba mchanga.

Watakapoanza kurusha wenyewe, mtu mmoja ahesabu kila mrusho. Kikomo cha Little League kwa siku ni mirusho 75 kwa miaka 9 na 10, na 85 kwa miaka 11 na 12. Baada ya hapo mapumziko: mirusho 21 hadi 35 siku moja, 36 hadi 50 siku mbili, 51 hadi 65 siku tatu, 66 na kuendelea siku nne. Aliyerusha 41 au zaidi asiwe mdakaji siku hiyo. Kwa watoto wanaoanza, sisi tungeishia 35. Kiwiko cha mtoto bado kinakua, na maumivu yake hujificha mpaka yawe makubwa. Mipira ya kupinda marufuku.

Aliyepigwa kichwani anatoka, harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia, akilalamika kichwa kinauma au akiongea ovyo, ni hospitali moja kwa moja. Mzazi apigiwe wakati mko njiani.

8. Tabia ifundishwe kwa majukumu.

Hotuba za nidhamu watoto wanazo za kutosha. Wape kazi zinazozunguka kila wiki: mtunza vifaa anayehesabu glavu mbele ya wote, mwandishi wa alama, mpanga maji, na msaidizi wa mgeni anayekaa na mtoto mpya siku yake ya kwanza. Mechi ikiisha, timu zisimame mistari miwili, zipeane mikono, na kila mtoto amtajie mpinzani mmoja jambo moja mahususi alilofanya vizuri. "Ulicheza vizuri" haikubaliki. "Ulikimbia kurudisha ule mpira wa besi ya tatu" inakubaliwa. Itachukua muda, lakini utasikia jinsi wanavyoanza kuangaliana uwanjani.

Wachezaji wa Japani huinamia uwanja wanapoingia na kutoka, na husafisha wenyewe. Kuinama si lazima. Kusafisha ni lazima, na kocha anashika ufagio wa kwanza.

9. Kazi za mtaa.

Moja kwa mwezi inatosha, ikifanywa mpaka mwisho. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchini, kwa hiyo usijitungie tukio lako. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, uliza eneo gani halina watu, mchukue hilo.

Ufukwe wa Raskazone au kwingineko: angalia maji kwanza, mwende yakiwa yamekupwa na mjue yatajaa saa ngapi. Viatu kwa kila mtoto, kwa sababu ya chupa na miiba ya urumba. Sindano au vitu vya hospitali mtoto haokoti. Anaita mtu mzima. Taka zipimwe kwa viroba na namba iingie kwenye daftari, itatumika kwenye hesabu za Jumatatu. Panga usafiri wa taka kabla ya kuziokota. Viroba vilivyoachwa kando ya barabara hupasuliwa na mbwa usiku huo huo.

Kupanda mikoko kunapendeza kwenye picha, lakini usipande bila ofisa misitu na watu wa eneo hilo. Kila aina ina sehemu yake kati ya maji kujaa na kupwa, na iliyowekwa pasipo pake hufa yote. Kazi nzuri zaidi, na ya bei ndogo, ni wakubwa kuwasomea hadithi watoto wa darasa la kwanza na la pili. Dakika 20, kila wiki mbili. Anayesoma kwa shida darasa la sita hujiandaa nyumbani ili asiaibike mbele ya wadogo.

Kosa la kukwepa: kuwageuza watoto vibarua wa bure. Wasizibue mitaro ya maji machafu, wasifanye kazi ya mtu anayelipwa kuifanya, na wasipigwe picha wakimkabidhi bibi kilo ya sukari.

## Kutunza vifaa

Unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye ngozi ndani ya wiki chache. Glavu zifutwe kwa kitambaa kikavu, zianikwe kivulini zikiwa na mpira ndani, kisha ziwekwe kwenye rafu, si kwenye gunia. Juani hukakamaa na kupasuka. Usipake mafuta ya nazi: ngozi inalegea na panya wanaita wenzao. Mafuta ya mgando kidogo kwenye mishono, mara moja kwa miezi miwili, yanatosha. Helmeti yenye ufa itupwe.

## Mambo yakienda mrama

*Watoto wanakuja saa kumi na robo, wakiruka darasa.* Mahudhurio yachukuliwe darasani tu, na asiyekuwemo ana kazi ya kuandika alama siku hiyo. Kama ni nusu ya watoto, chunguza ratiba yako kwanza. Huenda shule inatoka saa tisa na nusu.

*Wazazi hawataki wasichana wacheze.* Mama au shangazi mmoja akae uwanjani kila siku, nguo ndefu na mtandio viruhusiwe bila masharti (mtandio uchomekwe ndani ya fulana ili usinase), na wasichana watoke wawili wawili kwenda nyumbani. Mara nyingi pingamizi ni la saa ya kurudi, si la mchezo.

*Mtoto mmoja ndiye anayeweza kurusha.* Basi kocha arushe awamu zilizobaki. Usimwongezee yeye.

*Mpigaji hagusi mpira kabisa.* Mrudishe kwenye kisimamisho. Tazama macho: karibu wote hutazama kule wanakotaka mpira uende. Mwambie aendelee kutazama juu ya bomba baada ya mpira kuondoka. Tatizo la pili ni gongo zito. Kama hawezi kulinyoosha mbele kwa mkono mmoja mpaka hesabu ya kumi, mpe fupi zaidi.

*Kiwanja kimejaa maji, masika imeanza.* Machi mpaka Mei panga kabisa kuwa na siku za ndani: kanuni, daftari la alama, kurusha mpira wa tenisi ukutani kwenye veranda.

*Glavu zinapungua.* Ziandikwe namba kwa wino usiofutika, mtoto atie jina mbele ya namba akichukua. Glavu isiende nyumbani.

*Mfadhili ametuma mipira migumu tupu.* Shukuru, ifungie, andika barua ya kuomba mipira laini na helmeti.

*Msaidizi ameondoka katikati ya muhula.* Waja leo waondoka leo, Tanga inajulikana. Ndiyo maana tuliomba watu wazima wanne na si wawili, na ndiyo maana maelezo ya kila mtoto yako kwenye jalada na hayako kichwani mwa mtu. Akibaki mmoja tu, simamisha uwanja, endeleza darasa mpaka apatikane wa pili.

*Watoto wametimiza miaka 13 na hawataki kuondoka.* Wape kazi ya kuwaongoza wadogo siku moja ya wiki, na uwanja wao uongezwe taratibu: besi mita 21.34 na mrushaji 15.24 kwa mwaka wa kwanza, ndipo waende vipimo vya wakubwa, 27.43 na 18.44. Kuwarusha moja kwa moja kwenye uwanja mkubwa kunawafanya warushe kwa nguvu zote za bega, na utaanza kusikia habari za kiwiko.